Mtoto Anapotapika, Kimeo Hakina Kosa

Jioni moja hivi karibuni mama mmoja kijana wa hapa Kimara alibisha hodi nyumbani kwa mmoja wetu, amembeba mgongoni mtoto wa miezi minane. Mtoto alikuwa ametapika tangu alfajiri, na ilipofika saa sita mchana akaanza kuharisha. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia hayakutoka machozi. Tulimwuliza mama mtoto amekunywa nini tangu asubuhi.

"Hajanywa kitu," alijibu. "Kila nikimpa anatapika, nikaona nimpumzishe tumbo. Bibi yake amemtazama kooni, anasema ni kimeo. Kesho asubuhi tunampeleka kwa mzee mmoja akakatwe. Naomba mniazime nauli tu, baba yake yuko safarini."

Nauli ya kwenda kwa mzee hatukumpa. Tulikoroga pakiti moja ya ORS, tukampa kijiko, na tukamwita kijana wa bodaboda. Njia nzima mpaka zahanati mama alikuwa akimtilia mtoto kinywani kijiko kimoja kimoja, bodaboda ikisimama kila baada ya mwendo kidogo. Mtoto huyo yu hai leo na ameanza kutambaa. Kimeo chake bado kipo mahali pake.

Tumeona tuliandike jambo hili kwa sababu mama huyu si wa peke yake. Ni mama mwenye akili na anayempenda mwanawe. Bibi naye hakuwa na nia mbaya. Amelea watoto wengi kabla yetu. Lakini kama shauri lile lingefuatwa, mtoto yule angelala usiku mzima bila tone la maji, kisha asubuhi angekatwa na wembe. Sisi tunasema wazi kwamba desturi hii haina budi kuachwa, na wa kuiacha ni sisi wenyewe majumbani.

KUTAPIKA NI NINI?

Kwanza tuelewe kutapika kwenyewe. Watu wengi hudhani kwamba tumbo ndilo linaloamua kutapika. Sivyo. Anayetoa amri ni ubongo. Chini kabisa ya ubongo, karibu na shingo, kuna sehemu inayopokea habari kutoka pande mbalimbali za mwili. Habari zikiwa mbaya, sehemu hiyo huamuru misuli ya tumbo na kiwambo cha kupumulia vibane kwa nguvu, na mlango wa juu wa tumbo ufunguke. Kichefuchefu ni onyo linalotangulia amri hiyo.

Habari hizo hutoka wapi? Hutoka kwenye tumbo na utumbo, kwa mfano mtu akila chakula kilichochacha au akiingiwa na vijidudu vya kuharisha. Hutoka kwenye damu, pale inapokuwa na sumu, dawa kali, au sukari iliyopanda sana kwa mgonjwa wa kisukari. Hutoka ndani ya sikio, kwenye chombo cha kulinda mizani ya mwili. Ndiyo maana abiria wa basi la kwenda Mbeya hutapika kwenye kona za Kitonga ingawa hajala kitu kibaya. Hutoka pia kwenye ubongo wenyewe, kama mtu ameumia kichwani au ana homa ya uti wa mgongo. Hata harufu mbaya, hofu na maumivu makali vyaweza kumtapisha mtu.

Kwa hiyo kutapika si ugonjwa. Ni dalili, kama vile moshi ulivyo dalili ya moto. Malaria hutapisha. Kipindupindu hutapisha. Maambukizo ya njia ya mkojo, nyumonia na kidole tumbo hutapisha. Mimba changa hutapisha pia. Anayetafuta sababu moja ya kutapika kwa watoto wote, iwe kimeo au jino, hawezi kuona sababu hizo nyingine zote.

Tutofautishe pia kutapika na kucheua. Mtoto mchanga akishanyonya, maziwa kidogo yakatiririka mdomoni bila nguvu, naye akabaki mchangamfu na anaongezeka uzito kliniki, huko ni kucheua tu. Mama amweke begani, ampigepige mgongo taratibu, na asiwe na wasiwasi. Bali mtoto wa wiki chache anayetapika kwa nguvu, maziwa yakaruka mbali kila anaponyonya, huyo apelekwe hospitali. Huenda njia ya kutokea tumboni imebana, na jambo hilo hutengenezwa na daktari wa upasuaji.

KIMEO NA MENO YA NAILONI

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kila binadamu anacho. Kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya pua tunapomeza na kutamka, na kulainisha koo kwa mate. Koo likiambukizwa, kimeo nacho huvimba na kuonekana kirefu kuliko kawaida. Maambukizo yakiisha, hurudi hali yake. Basi yule anayemtazama mtoto mgonjwa kooni na kusema "kimeo kimekuwa kirefu" pengine ameona kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba kilichovimba ndicho kilicholeta ugonjwa.

Kumkata mtoto kimeo kwa wembe au kisu maalumu, mahali pasipo na dawa ya kuua vijidudu, kuna hatari zinazojulikana vizuri na waganga wa hospitali. Mtoto aweza kutoka damu nyingi mpaka akapungukiwa. Kidonda chaweza kuingiwa na vijidudu, pamoja na pepopunda. Kifaa kilichotumika kwa watoto wengi chaweza kumwambukiza virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Tena mtoto mwenye kidonda kooni hukataa kunyonya na kunywa, hali maji ndiyo dawa aliyokuwa akiihitaji.

Desturi ya pili ni ya meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Imani hii ilienea nchini kwetu tangu miaka ya 1980. Mtoto wa miezi minne hadi minane akipata homa, akatapika na kuharisha, ufizi wake huchunguzwa. Mahali ambapo meno ya chonge yatatokea baadaye huonekana pamevimba na ni peupe. Hapo husemwa kwamba kuna jino bovu la nailoni, nalo huchimbuliwa kwa kifaa chenye ncha, au ufizi hukwaruzwa na kusuguliwa dawa za majani.

Wazazi wenzetu, hilo si jino la nailoni. Ni jino la kawaida la utotoni ambalo bado ni laini na halijakomaa. Chonge hutoka mtoto anapokaribia mwaka mmoja na nusu. Mwenye kulichimbua kwenye mwezi wa tano atalikuta laini tu, kama vile mwenye kufukua mhindi siku ya tatu tangu kupandwa. Waganga wa meno wa hapa Dar es Salaam na mikoani wamekuwa wakiwaona watoto wakubwa waliokosa chonge, au ambao meno yao ya ukubwani yametoka na kasoro, kwa sababu ya uchimbaji huo.

Kwa nini basi ugonjwa huja wakati ule ule wa ufizi kuvimba? Sababu ni rahisi. Kuanzia miezi ile mtoto huanza kupewa uji na vyakula vingine, huanza kukaa chini na kutambaa, na kila anachokiokota hukitia kinywani. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama nayo inapungua. Hapo ndipo vijidudu vya kuharisha humpata. Meno na ugonjwa vimekutana njiani tu, lakini havikutumana.

"MBONA WENGINE HUPONA?"

Tunajua msomaji atauliza hivyo. Mtoto wa jirani alikatwa kimeo, akapona siku ya pili. Je, si ushahidi huo?

Hapana. Kutapika kwingi kwa watoto huletwa na virusi vya tumbo, na mara nyingi hukoma kwenyewe baada ya siku moja hadi tatu. Wazazi kwa kawaida huanza kuhangaika siku ya kwanza, huenda kwa mganga siku ya pili, na siku ya tatu mtoto anaacha kutapika. Sifa anapewa mwenye wembe, kumbe mwili wa mtoto ndio uliofanya kazi. Mtoto huyo angepona pia bila kukatwa, na bila kupoteza damu.

Wengine husema, "Mbona sisi wenyewe tulikatwa na tuko hai?" Ni kweli, tulio hai tunaweza kusema hivyo. Wale ambao hawakupona hawapo kutusimulia yao, na mama zao mara nyingi hunyamaza kwa uchungu. Hatuwezi kuhesabu waliopona peke yao, halafu tukasema hesabu imekamilika.

KINACHOUA NI KUKAUKIWA MAJI

Mtoto anayetapika na kuharisha hupoteza maji na chumvi za mwili. Mwili wake ni mdogo, akiba yake ni ndogo, na kwa muda wa saa chache aweza kukaukiwa. Damu huwa nzito na haifiki vizuri kwenye figo na ubongo. Hicho ndicho kinachoua. Kwa hiyo swali la kwanza nyumbani lisiwe "tumzuie vipi asitapike?" bali liwe "tumrudishie vipi maji yaliyotoka?"

Hapa Dar es Salaam tulilipata somo hili kwa uchungu. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, wakati ule Kimara yetu ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo kabla Wilaya ya Ubungo haijaundwa. Kikaenea Ilala na Temeke, kikavuka kwenda mikoa mingine na Zanzibar. Hadi mwaka 2016 nchi ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 300. Tunakumbuka jinsi sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zilivyofutwa na Rais John Magufuli, na watu wakaambiwa washike mafagio wafanye usafi. Wenye umri mkubwa zaidi wanakumbuka pia mwaka 1997, ambapo Tanzania ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000 wa kipindupindu na vifo zaidi ya 2,000.

Dunia nayo imewahi kujifunza somo hilo hilo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana kambini Bangaon, nchini India, kipindupindu kikaingia. Maji ya kutundika mshipani yakaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya maji safi, sukari ya glukosi na chumvi, akayatia katika mapipa yenye bomba, na jamaa za wagonjwa wakawa wanachota na kuwanywesha wagonjwa wao. Vifo, ambavyo vilikuwa vimefikia karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka hadi chini ya 4. Waliowanywesha wagonjwa wale walikuwa mama, dada na kaka zao, watu wasio na cheti chochote cha uganga. Pakiti ya ORS tunayoinunua dukani leo ni mtoto wa mapipa yale.

NAMNA YA KUMNYWESHA ANAYETAPIKA

Mama yule alituambia, "kila nikimpa anatapika." Tulipomwuliza alimpaje, alisema alimpa kikombe kizima, naye mtoto kwa kiu akakigugumia chote. Tumbo lililochafuka haliwezi kupokea kikombe kwa mara moja. Linaweza kupokea kijiko.

Fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa ya maji ya lita moja ni kipimo kizuri. Mimina pakiti nzima ya ORS, ukoroge mpaka iyeyuke. Usitie nusu pakiti, usiongeze sukari, wala usichanganye na soda au juisi. Funika. Yakipita saa 24, yamwage ukoroge mengine.

Kama pakiti haipo na duka limefungwa, changanya katika lita moja ya maji safi vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote kwa kipimo cha bapa, si cha mlima. Yaonje: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo pima kwa uangalifu, na pakiti ikipatikana itumie hiyo.

Mtoto akishatapika, ngoja dakika 10. Kisha mpe kijiko kimoja cha chai, ungoje dakika moja au mbili, umpe kingine. Wengi hukata tamaa hapa kwa kudhani kijiko ni kidogo mno. Hebu tupige hesabu. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Ukimpa kimoja kila dakika, kwa saa moja amekunywa mililita 300, ambazo ni karibu chupa ya soda. Ukimpa kila dakika mbili, ni nusu yake. Akitapika tena, ngoja dakika 10 nyingine uanze upya polepole zaidi. Si yote yanayorudi. Sehemu kubwa hubaki ndani.

Anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi zaidi na kwa muda mfupi mfupi. Anayekula apewe chakula laini kidogo kidogo mara tu hamu inaporudi, kama uji, wali laini au ndizi. Kumfungia mtoto chakula siku mbili ili "tumbo lipumzike" ni kumdhoofisha. Akiwa anaharisha, ulizia pia vidonge vya zinki kwenye zahanati. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyefikisha miezi 6 na miligramu 10 kwa aliye chini yake.

Watu wazima nao watumie njia hiyo hiyo ya kunywa kidogo kidogo. Mwenye kichefuchefu akae mahali penye hewa, aache kwa muda vyakula vya mafuta mengi na pombe, na asilale chali, asije akapaliwa na matapishi.

DAWA ZA KUZUIA KUTAPIKA

Ukifika duka la dawa ukasema "mtoto anatapika", mara nyingine hutapewa maji ya ORS bali utapewa chupa au kidonge cha kukata kutapika. Tunashauri kukataa, isipokuwa daktari amempima mtoto na kuandika. Dawa iitwayo metoklopramaidi yaweza kumkakamaza mtoto shingo na kumgeuza macho, hata watu wakadhani ni degedege au mashetani. Promethazini haifai kabisa kwa mtoto chini ya miaka 2, kwani yaweza kumzuia kupumua. Daktari anazo dawa za kufaa zaidi, naye hujua lini zinahitajika.

Malaria nayo tuitaje. Mtoto mwenye homa na kutapika apimwe malaria kabla ya kupewa dawa. Akikutwa nayo akapewa dawa mseto, kisha akaitapika kabla ya nusu saa kupita, arudiwe kupewa dozi ile ile. Akitapika kila dozi, basi dawa ya kumeza haitamfaa. Apelekwe haraka mahali penye sindano.

Jambo jingine linalotokea majumbani ni mtoto kunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, au dawa ya kufulia. Hapo watu humlazimisha atapike kwa kumnywesha maziwa, mafuta ya kula au maji ya chumvi. Tafadhali msifanye hivyo! Mafuta ya taa yakipanda tena huingia mapafuni na kuleta nyumonia kali. Dawa ya kufulia huunguza koo mara ya pili. Mpeleke hospitali moja kwa moja, uchukue na chupa aliyonywea. Na mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji.

MAMA MJAMZITO

Tukiwa tunazungumza habari za kutapika, tusimsahau mama mwenye mimba changa. Wajawazito wengi, pengine saba au zaidi katika kila 10, hupata kichefuchefu. Huanza kwenye wiki ya tano au ya sita, huzidi kwenye wiki ya tisa hivi, na wengi hupata nafuu baada ya mwezi wa tatu au wa nne. Si deko, wala si dalili kwamba hampendi mumewe. Ale kidogo kidogo mara nyingi, asikae na njaa, apate kipande cha mkate mkavu kabla ya kuinuka kitandani. Chai ya tangawizi husaidia wengi. Na wanaume wa nyumba wajifunze kupika wenyewe kwa wiki hizo chache, kama harufu ya vitunguu inamchafua mama.

Ule udongo wa pemba unaouzwa sokoni hatuushauri. Waweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, na hauondoi kichefuchefu. Wala mjamzito asijinunulie dawa. Kati ya mwaka 1957 na 1961 dawa iitwayo thalidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi na nchi nyingi nyingine kama dawa salama ya usingizi, na wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na mikono au miguu iliyodumaa kabla haijaondolewa. Zipo leo dawa ambazo madaktari wanazijua kuwa salama kwa mjamzito, aziulizie kliniki.

Mama anayetapika hata maji, anayepungua uzito, au anayekojoa kidogo mkojo mzito, huyo amepita kipimo cha kawaida. Apelekwe hospitali awekewe maji. Hana haja ya kuambiwa avumilie.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Yaandikeni haya, myabandike ukutani jikoni. Msingoje kupambazuke, ukiona mojawapo ya hizi:

Mtoto anatapika kila kitu, au hawezi kunyonya wala kunywa.

Analegea, anasinzia kupita kiasi, au amepata degedege.

Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi, au hajakojoa kwa saa 6 na zaidi.

Ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole.

Matapishi yana damu, ni meusi kama machicha ya kahawa, au kwa mtoto mchanga ni ya kijani.

Tumbo linauma sana au limevimba na kukaza.

Shingo imekakamaa, au kichwa kinauma sana pamoja na homa.

Mtu aliyeanguka au kupata ajali ya bodaboda akaanza kutapika, hata kama alisema yuko salama.

Mgonjwa wa kisukari anayetapika.

Anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele.

Njiani, endeleeni kumpa maji kwa kijiko maadamu yuko macho na anaweza kumeza.

OMBI LETU

Kinga ni bora kuliko tiba. Huku kwetu bomba likikauka twanunua maji ya madumu, na hatujui dumu lile lilitoka wapi. Basi tuyachemshe au tuyatie dawa ya klorini. Vyoo vya mabondeni visifunguliwe mvua ikinyesha ili uchafu uende kwa jirani wa chini. Tunawe mikono kwa sabuni tutokapo chooni na kabla ya kumlisha mtoto. Watoto wapelekwe kliniki wapate chanjo ya virusi vya rota, ambayo imekuwa ikitolewa nchini tangu mwaka 2013, kuanzia mtoto akiwa na wiki 6.

Lakini ombi letu kubwa ni hili. Kila jumuiya ya majirani iwe na kopo moja, litunzwe katika nyumba inayojulikana na wote. Ndani yake ziwekwe pakiti 10 za ORS, chupa tupu ya lita moja, kijiko, kipande cha sabuni, na karatasi yenye namba za simu za bodaboda wawili wanaoaminika na zahanati inayofungua usiku. Gharama yake ikigawanywa kwa kaya zote ni ndogo kuliko anayolipwa mkata kimeo kwa mtoto mmoja.

Na bibi zetu tusiwaache nje ya jambo hili. Bibi ndiye anayesikilizwa nyumbani mtoto anapougua usiku. Tusimkemee wala kumcheka. Tukae naye, tumwonyeshe kijiko na hesabu yake. Yule bibi wa mtoto tuliyeanza naye alikuja zahanati asubuhi ile, akamkuta mjukuu wake anacheka. Alimsalimia mganga, akauliza maswali yake, kisha akaomba apewe pakiti mbili aende nazo. Sasa majirani wakimletea mtoto anayetapika, jambo la kwanza anawauliza amekunywa vijiko vingapi.